Rubani Akirudi Juu, Mwacheni

Kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu juzi. Bwana mmoja kasafiri kwa ndege ndogo kutoka Unguja kwenda Pemba, na analalamika kwamba walipokaribia kabisa kugusa lami pale Chake, ndege ilinguruma ikapanda tena, ikazunguka, ndipo ikatua. "Rubani mwanafunzi yule!" Na watu wanacheka. Wallahi nimekasirika.

Kwani kutua kunaanza magurudumu yanapogusa chini? Kunaanza maili kadhaa nyuma, ndege inaposhuka kwa mteremko wa nyuzi 3 hivi, kama futi 300 kwa kila maili ya baharini. Na kuna kanuni inayofuatwa na mashirika mengi duniani: ukifika futi 1,000 juu ya kiwanja ukiwa mawinguni, au futi 500 kukiwa kweupe, mambo yote yawe yameshatulia. Mwendo uwe ule uliopangwa, flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa, zimeshashushwa, pua imeelekea njia ya kutulia, na ndege isiporomoke zaidi ya futi 1,000 kwa dakika. Kimoja kikikaa upande, basi: ongeza moto, panda, uje upya. Huo ndio ufundi wenyewe.

Wale Flight Safety Foundation, shirika la kimataifa la usalama wa ndege, walipolichunguza jambo hili, walikuta kwamba katika kila mara 100 ndege inapokuja vibaya, marubani hurudi juu kama mara 3 tu. Zilizobaki wanalazimisha! Na kwa kuwa wengi hutua salama, kesho wanalazimisha tena. Kule Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, ndege ilikuja juu mno. Rubani msaidizi akasema warudi juu, mkubwa wake akaendelea. Ikapita mwisho wa njia, ikaangukia bondeni. Watu 158 walikufa. Sasa huyo wa Chake mnamcheka kwa lipi?

Nyinyi hao hao nahodha akingoja maji yajae ndipo aingize chombo, mnasema mzee anaijua bahari. Wa angani akingoja, mwoga.

Na masika haya! Pale Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, njia imelazwa kaskazini kwa kusini, kwa hiyo kusi na kaskazi huwa rafiki. Lakini wingu la mvua likikatiza, upepo hugeuka ghafla, na ukikusukuma kwa nyuma ndege inakula njia kama haina breki.

Wanaopiga makofi kwa kutua laini nao waniwie radhi. Njia ikiwa imerowa, rubani mzuri huigusisha ndege kwa kishindo kidogo kusudi, matairi yashike.

Haya, najua: mafuta yanaungua, watu wana haraka, na tumbo linapanda kooni. Sitabisha sana. Lakini kuna lalamiko moja la haki, na huyo bwana hata hakuligusa. Baada ya kupanda vile, hakuna aliyewaambia abiria neno, wala Kiswahili wala kingine. Rubani akishaituliza ndege, ana shida gani kusema, "Jamani, upepo umegeuka, tunazunguka mara moja tunarudi"? Bibi aliyekaa kiti cha nyuma kashasoma shahada mara tatu.