Jubilii ya Miguu Myekundu

Ukimwona mtu wa Kanisa la Ndugu akinunua jiwe la kusugulia nyayo siku ya Ijumaa, jua kesho ni Karamu ya Upendo, ibada yetu ya kutawadhana, yaani kuoshana miguu kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, kisha kula pamoja. Hakuna apelekaye mguu mchafu kutawadhwa. Tunasugua, tunakata kucha, tunapaka mafuta, wengine wanafika mpaka kwa vijana wa kucha mjini, halafu jioni tunaketi kwa unyenyekevu mkubwa tuoshwe miguu iliyokwisha oshwa. Mimi ni shemasi wa maji na mabeseni. Miguu ya kanisa letu hapa Eastlands, Nairobi, naijua kwa sura kabla sijajua majina ya wenyewe.

Mwaka ninaousimulia kanisa letu lilikuwa linatimiza miaka 25. Kamati ya jubilii ikapanga Karamu Jumamosi jioni, kisha Jumapili ibada, keki na picha. Rangi zikachaguliwa: maruni na krimu. Utepe maruni, vitambaa vya meza krimu, keki maruni na krimu. Kilichokuwa kikiharibu mpangilio, kwa macho ya kamati, ni taulo zetu za kutawadhia, ambazo zilianza maisha zikiwa nyeupe na sasa zilikuwa zimefikia rangi ya chai ya maziwa. Ikapitishwa zinunuliwe taulo 20 mpya, za maruni, katika duka moja la jumla kule Eastleigh.

Taulo ya kutawadhia si ya kupangusia uso. Inafungwa kiunoni, kama Yohana 13 inavyoeleza, na ncha inayoning'inia ndiyo inayokausha mguu. Ikiwa fupi haimzunguki mzee mwenye tumbo. Ikiwa nene mno fundo halishiki. Hizi zilikuwa sentimita 70 kwa 140, saizi safi kabisa, kwa hilo siwezi kuilaumu kamati. Tatizo ni kwamba gunia lilikwama kwenye foleni ya Jogoo Road likafika saa kumi na moja jioni, taulo bado zina lebo, nasi tunaanza saa kumi na mbili.

Sasa, taulo mpya ya pamba yenye rangi nzito hufuliwa kwanza, peke yake, kwa maji ya vuguvugu, mara tatu au nne, mpaka maji yabaki meupe. Si rangi yote huwa imeshikana na uzi. Ile isiyoshika hutakiwa kusuuzwa kiwandani kwa maji mengi ya moto, na kwa kuwa maji ya moto ni pesa, taulo za bei ya chini husuuzwa juujuu tu. Nyekundu na ndugu zake ndizo sumbufu kuliko zote. Mama mmoja wa kamati akasema tuziloweke kwenye siki na chumvi, rangi itashika. Haishiki, siki kwenye pamba iliyotiwa rangi kiwandani huongeza harufu ya kachumbari tu. Isitoshe, tungeloweka kwa maji gani? Bomba letu hutoa maji siku za mgao, na Jumamosi haimo. Yaliyokuwepo ni ya mkokoteni, kwenye mitungi ya lita 20, nami nilikuwa nimeyapigia hesabu hadi tone la mwisho.

Hesabu yenyewe ni hii. Watu 120, meza 10, tano za wanaume na tano za wanawake, maana kwetu wanaume hutawadhana wao kwa wao na wanawake vivyo hivyo. Kila beseni lita nne, na maji hubadilishwa kila baada ya watu wanne; hizo ni lita 12 kwa meza, lita 120 kwa jumla. Ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi ile ya kuingia mifupani, kwa hiyo theluthi yake, lita 40, ikachemshwa kwenye sufuria mbili. Mji wetu uko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Changanya sehemu moja ya hayo na sehemu mbili za baridi, upate vuguvugu lisilomshtua mzee. Na hakuna kitu rangi mbichi inakipenda kama vuguvugu.

Saa kumi na mbili na nusu stima ikapotea. Hakuna aliyenung'unika. Tukawasha mishumaa na taa mbili za sola, mchungaji akasema mambo yamekuwa mazuri zaidi, sasa tuko kama kwenye kile chumba cha juu chenyewe.

Utaratibu wetu: unajifunga taulo, unapiga magoti, unamtawadha jirani yako mguu mmoja halafu wa pili, unamkausha, mnasimama, mnapeana mkono na busu takatifu, "Mungu akubariki", kisha unamfunga yeye ile taulo amgeukie anayefuata. Ndugu wa Marekani walizozana sana katika karne ya 19 juu ya jambo hili, kwa kuwa wengine walitaka mtu mmoja aoshe wengi na mwenzake afuate nyuma akikausha. Siku zote nilidhani ule ni ugomvi wa watu waliokosa shamba la kulima. Kumbe ulikuwa na maana! Kwa namna ile, angechafuka kiuno mkaushaji peke yake. Kwa namna yetu taulo hupita viuno vyote 12 vya meza, na kila kiuno inakikuta ikiwa imelowa zaidi. Tena taulo mpya haifyonzi, ina ule ulaini wa dukani. Inayasukuma tu maji kutoka kisiginoni kwenda vidoleni. Mtu wa kwanza alikaushwa na taulo kavu, akasalimika. Kufika wa tano, taulo ilikuwa inatoa mchuzi. Mtu wa 12 hakukaushwa. Alipakwa.

Gizani hatukuona. Nilipokuwa nikimwaga beseni la meza ya kwanza niliona maji meusi tii, nikasema moyoni, leo kuna mzee hakujisugua. Nikamtazama mwenyekiti wa wazee kwa masikitiko. Naye akanitikisia kichwa kwa upendo.

Kwenye meza hiyohiyo alikuwepo mgeni wetu wa heshima, mzee wa kanisa aliyekuja na basi kutoka Kisumu. Alikuwa na suti moja tu, ya krimu, aliyoivaa makusudi kwa heshima ya rangi zetu. Zamu yake ilikuwa ya 11.

Stima ikarudi wakati tumesimama wote miguu mitupu, kabla ya viatu. Sekunde moja ya kimya, halafu mtoto mmoja upande wa akina mama akapaza sauti: "Mama! Babu anatoka damu!"

Kwetu kabla ya Karamu kila mtu hutakiwa kujichunguza. Nimehudhuria nyingi, sijawahi kuona kanisa likijichunguza kama dakika ile. Vichwa vyote viliinama pamoja. Mwenyekiti wa wazee akainua unyayo kuugeuza kwenye mwanga: rangi ilikuwa imeingia ndani ya magaga, kila ufa umechorwa mstari wake mwekundu, kisigino kizima kama ramani ya mito. Viuno navyo vilikuwa na mkanda mpana wa maruni, mbele na nyuma. Mgeni wa heshima alijitazama suti, akatutazama sisi, akajitazama tena.

Ndugu wa kwanza walikuwa wanane, waliobatizwa mwaka 1708 katika mto Eder, Schwarzenau, Ujerumani. Walipiga kura kuamua nani ambatize kiongozi wao, Alexander Mack, wakaahidiana kutomtaja, na mpaka leo jina lake halijulikani. Siri ya nani alinunua taulo haikumaliza hata dakika mbili. Mweka hazina alikuwa na risiti.

Tukakaa kula. Supu ya mifupa, kilo 25, na mkate wa kuchovya, na huliwa kwa kimya. Lakini kicheko kilichozuiwa puani huambukiza. Kilianzia meza ya nne, mama mmoja akijiziba kwa leso, kikahamia ya tano, na mchungaji alipofika kuombea mkate alilazimika kuanza sala upya.

Usiku ule kila mtu akawa daktari. Ndimu, mafuta ya taa, jiki. Jiki niliikataza kwa ukali, maana kwenye magaga inachoma, na rangi ya ngozini hutoka na ngozi yenyewe, siku mbili tatu, kwa sabuni na brashi laini. Suti ndiyo ilihitaji haraka: maji baridi, papo hapo, na isiguswe na joto. Nilipofika jikoni kusema hivyo, kina mama walikuwa wameshaisuuza kwa maji moto yaliyobaki kwenye sufuria yangu na kuipiga pasi. Rangi ikashika vizuri, kuliko ilivyoshika kwenye taulo.

Jumapili mgeni wa heshima alikata keki akiwa amevaa aproni iliyoandikwa JIKONI. Kwenye picha, mpiga picha aliwaweka wenye viatu vya wazi nyuma, hata wale wafupi.

Jioni akaja mwenye viti vya kukodi, kijana wa Kiislamu tunayemwita kila sherehe. Akamkuta mwenyekiti wa wazee ameketi kivulini kwa kandambili, akamwangalia miguu kwa muda.

"Mzee, mashallah. Hina imekolea. Harusi ya nani?"

"Ya kanisa," mzee akajibu. "Miaka 25."

Kijana akasema hongera, akaanza kupanga viti vyake. Vilikuwa vyeupe. Alipofika kwenye vile vya meza ya kwanza akavigeuza, akatazama chini ya kiti, akatazama tena miguu ya mzee, kisha akauliza mweka hazina yuko wapi.