Kabla hatujasimamisha sanamu ufukweni

Septemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, polisi wa Maldivi waliingia majini kwenye hoteli moja ya kitalii wakiwa na sururu na misumeno, wakazivunja sanamu za Mwingereza Jason deCaires Taylor. Kazi yenyewe iliitwa Coralarium: jengo la chuma lililozama nusu, na ndani yake watu waliochanganyika na mimea na matumbawe. Ilikuwa imefunguliwa mwaka huohuo. Mahakama ilitoa amri kwa hoja kwamba sanamu zile zinagusa Uislamu wa nchi, na ikawa ndiyo basi.

Sisi Wazanzibari tunafanana na Maldivi kuliko tunavyopenda kukiri. Ni visiwa, karibu watu wote ni Waislamu, na mgeni anakuja na kamera. Ukipita Paje au Nungwi unaona tayari mabembea yenye umbo la moyo, mabawa ya mbao, viota vya miti ambavyo mtu huketi akapigwa picha. Hizo kwangu ndizo sanamu zetu za ufukweni za sasa, na nyingi ni mbaya. Atakapokuja mtu na pendekezo la kazi ya maana, ya kuwekwa pwani au kwenye maweni, yaani ile ardhi ya mawe ya matumbawe, itabidi tujue tunajibu nini.

Wengi wataanza na dini, na hawakosei kuanzia hapo. Maulamaa wengi hawaruhusu kuunda umbo la kiumbe chenye roho, hasa lenye mwili unaoweza kuzungukwa pande zote. Lakini wanaokataa hilo wanaruhusu mti, ua, mstari na hati, na mafundi wetu wamefanya kazi ndani ya mpaka huo kwa karne nyingi bila kuona wamebanwa. Tazama mlango wa Mji Mkongwe kwa karibu, uinamishe macho chini kwenye miimo: yule samaki aliyechongwa pale amekatwakatwa magamba mpaka amekuwa pambo, huwezi kusema anaogelea. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe kwa namna ambayo mtu asiyejua kusoma atayatazama kama mchongo tu. Na Pemba, kule Ras Mkumbuu, kuna makaburi ya nguzo: mawe yaliyosimamishwa wima, bahari iko ubavuni, miti imeyazunguka. Hao wazee walisimamisha umbo kwenye mandhari zamani sana kabla Wazungu hawajafungua bustani zao za sanamu. Kwa hiyo anayesema sanaa ya kusimamishwa nje si yetu, akaangalie tena. Kinachogomba ni sura ya mtu na mnyama.

Hata hilo lina kisa chake. Mkunazini, kwenye kiwanja cha kanisa la Anglikana, palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873, wapo watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi ya mwaka 1998. Shimo liko chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo ukitaka kuwaona lazima uwainamie. Ni sura za watu waziwazi, katikati ya mji wa Waislamu, na bado wapo. Nadhani ni kwa sababu ziko ndani ya ua wa kanisa, zinazungumzia jambo lililotokea hapohapo, na anayeziona ameamua kuingia. Ya Maldivi iliwekwa na hoteli kwa ajili ya wageni wa hoteli. Umbo la mtu lilikuwepo kote kuwili, ila sababu ya kuwekwa ilikuwa mbalimbali kabisa.

Hoja ya bahari ndiyo inayonivuta zaidi. Wanaotetea sanamu za chini ya maji wanasema zinakuwa nyumba ya samaki na matumbawe, na zinawatoa wapiga mbizi kwenye mwamba wa asili. Kule Cancún, Meksiko, ambako Taylor naye aliweka mamia ya sanamu, hilo ndilo lengo lililotajwa. Yeyote aliyekwenda kwenye mwamba wa kisiwa cha Mnemba asubuhi ya msimu anaelewa mantiki yake: boti zimebanana, watu wanapiga mateke juu ya matumbawe, mwengine anasimama juu yake arekebishe miwani. Kama nusu ya watu hao wangepelekwa kwenye mchanga mtupu kuangalia kitu kingine, mwamba ungepumua.

Lakini nikiichambua hoja hiyo naiona ina mshono. Samaki hajali kama tofali lina pua. Umbo la saruji lenye mashimo linampa maficho sawasawa na uso wa mtu, na kwa bei ndogo. Sura inawekwa kwa ajili ya kamera, na si dhambi kusema hivyo, ila isiitwe uhifadhi. Tena saruji haipoozi maji. Mwaka 1998 matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa kwa wingi kwa sababu ya joto, na hakuna sanamu ambayo ingeyanusuru.

Kuna watakaosema basi tuache sura, tuweke mawe. Mfano wao mzuri ni Spiral Jetty ya Robert Smithson, ya mwaka 1970, kwenye Ziwa la Chumvi la Utah, Marekani: mawe meusi yaliyomwagwa yakazunguka kama kombe la konokono, zaidi ya mita 400. Maji yalipopanda yaliizamisha kwa muda mrefu, yalipoteremka mwaka 2002 ikaonekana tena. Ukiwa mtu wa pwani ya mashariki ya Unguja, unaona mara moja jinsi kitu cha namna hiyo kingefaa kwetu, ambako bamvua huleta tofauti ya karibu mita nne kati ya kujaa na kupwa.

Hapo ndipo ninapokataa. Saa ambayo kazi hiyo ingeonekana, yaani maji yakikupwa, ndiyo saa ya kazi ya wanawake. Jambiani, Paje, Bwejuu, mama anatoka na furushi la mambo, yaani vijiti vya kupigilia chini, na kamba, anapiga mambo mchangani kwa jiwe, anafunga mbegu ya mwani moja moja kwa taitai, vile vijikamba vya kufungia, maji yakiwa chini ya goti. Wengine wako mbele yao wakitafuta pweza na chaza. Kilimo cha mwani kilishika mizizi huku mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wanawake hao wamebanwa na hoteli, na wapanda kaiti wanaopita juu ya mashamba yao, na maji yenye joto yanayoua mwani ghali. Kuwaongezea mawe ya sanaa na msururu wa watalii wenye droni ni kuwachukulia kama sehemu ya mandhari. Ukiwauliza watakujibu kwa upole. Usidhani upole huo ni ridhaa.

Yabaki maweni. Ardhi ya mawe isiyolimika sana, vichaka, mapango. Huko ningekubali, na si kwa shingo upande. Ila mpangaji asije na ramani inayosema pale ni patupu. Watu wanakata kuni, wanachoma chokaa, wanalima kwenye vijishimo vya udongo, na mapango mengine ni mizimu: utakuta vitambaa vyekundu na vyeupe, chetezo, maganda ya mayai. Anayetafuta pahala pa kuweka kazi yake aanze kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, halafu kwa wazee wa pango, na awe tayari kuambiwa hapana. Na fundi wa chokaa wa hapa, anayekarabati nyumba za Mji Mkongwe, awe mmoja wa waundaji na jina lake liandikwe, asiwe kibarua wa kubeba ndoo.

Jambo la mwisho halina ushairi. Kwenye kisiwa cha Naoshima, Japani, boga la njano la Yayoi Kusama lilikaa ukingoni mwa gati kwa miaka mingi, na kila kimbunga kilipotabiriwa watunzaji walilitoa. Agosti 2021 hawakuwahi. Mawimbi yalilichukua likavunjika, na mwaka uliofuata likawekwa jengine. Pale kulikuwa na taasisi yenye watunzaji na fedha. Kwetu, hoteli inabadili mwenyewe, msanii anarudi kwao, nondo zinapata kutu, na linalobaki ni chuma chenye ncha pwani ambako watoto wanatembea miguu mitupu. Kwa hiyo nisingeruhusu kazi yoyote mpaka gharama ya kuiondoa iwe imewekwa benki kabla jiwe la kwanza halijateremshwa, kwa jina la shehia, pamoja na tarehe ya kuiondoa au kuijadili upya. Mwekezaji atakayesema hilo ni ghali, basi gharama hiyo alipanga tuilipe sisi.