Riwaya Mashuhuri Mbele ya Msomaji wa Kawaida

Kuna lalamiko ambalo wasomaji wa Lamu hawalisemi sana mbele ya walimu, ila hulisema waziwazi mabarazani: kwamba riwaya zinazotajwa kila mara kuwa kubwa, ziwe za Kiswahili au za kigeni, hazimpi msomaji wa kawaida raha wala faida inayolingana na jina lake. Msomaji ninayemzungumzia si mtu asiyejua kusoma. Ni nahodha anayesubiri abiria wa Shela gatini, ni mama mwenye duka la nguo Usita wa Mui, ni kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado anapenda kushika kitabu jioni. Mtu kama huyu akikiri kwamba alianza kitabu kilichosifiwa na akakiacha katikati, kwa kawaida hujibiwa kwamba kasoro ni yake. Naliona jibu hilo kuwa la haraka mno. Hata hivyo, lalamiko lenyewe nalo, likichukuliwa zima bila kuchambuliwa, linazionea baadhi ya kazi bora kabisa tulizo nazo.

Tuanze na upande wa walalamikaji, kwa kuwa wana hoja nzito. Katika nchi yetu, sifa ya riwaya ya Kiswahili hujengwa kwa sehemu kubwa na shule. Kitabu kikiteuliwa kuwa cha lazima katika shule za sekondari, hununuliwa kila kaunti, huandikiwa miongozo, hutungiwa maswali ya mtihani, na baada ya miaka kadhaa huondolewa ili kingine kichukue nafasi yake. Watu wa rika moja hubaki na jina la kitabu hicho vichwani, na kwa kuwa kila mtu analijua jina, tunadhani kila mtu amekisoma na kukipenda. Ninayo nakala ya Kusadikika iliyonifikia kutoka kwa mwanafunzi wa zamani. Kurasa za mwanzo zimejaa penseli: hapa imeandikwa "tashbihi", pale "dhamira", kwingine "sifa za Karama". Baada ya sura chache penseli inakoma, na kurasa zinazofuata ni safi kana kwamba hazikupata kufunguliwa. Kati ya kurasa hizo safi paliachwa karatasi iliyokunjwa, yenye muhtasari wa kitabu kizima na majibu ya maswali yanayotarajiwa, yote kwa mwandiko wa mkono. Mwanafunzi huyo huenda alifaulu vizuri. Lakini huwezi kumhesabu miongoni mwa watu walioipa riwaya hiyo heshima yake.

Riwaya yenyewe ina nini? Shaaban Robert aliitoa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Inamhusu Karama, anayeshtakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi inayoelea angani. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, ambao walirudi na maarifa yenye manufaa wakalipwa kwa adhabu. Msomaji anayesema kwamba kitabu hiki kinachosha ana ushahidi. Wahusika wake ni sifa zilizopewa majina, hivyo Majivuno ni majivuno tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuna mtu ndani yake anayetushangaza kwa kutenda jambo tusilolitarajia. Ukishasoma habari za wajumbe wawili, unakisia mwisho wa huyo wa tatu kabla hajafunga safari.

Pamoja na hayo, naamini riwaya hii inastahili heshima iliyopewa, isipokuwa sababu ya heshima hiyo mara nyingi haielezwi kwa anayeisoma. Mwandishi alikuwa akizungumzia utawala unaowaadhibu wanaotaka sheria, akiwa anaishi chini ya utawala wa kigeni, na aliificha hoja yake ndani ya umbo la ngano ambalo kila mtu wa Pwani alilizoea tangu utotoni, ambamo jina la mtu hubeba tabia yake. Asomaye akitafuta watu wa kawaida wenye hasira, wivu na kusitasita ataona upungufu mtupu. Asomaye kama anayesikiliza kesi barazani, akijua kwamba mshtakiwa anamsema hakimu mwenyewe, ataona ujasiri. Tofauti ya wasomaji hawa wawili haitokani na akili wala elimu, bali na jambo moja tu ambalo mtu angeweza kumweleza yule wa kwanza kwa dakika tano kabla hajafungua kitabu.

Walalamikaji husahau pia kwamba riwaya nyingi zinazoitwa leo kazi za wasomi zilianza kwa kupendwa na umma. Charles Dickens alitoa habari za Bwana Pickwick vipandevipande kila mwezi, kuanzia mwaka 1836, kwa bei ya shilingi moja ya Kiingereza, na kabla ya kipande cha mwisho mauzo yalikuwa yamefika nakala kama 40,000. Alexandre Dumas alichapisha habari za Kabaila wa Monte Cristo, baharia aliyefungwa kwa fitina akarudi kulipiza kisasi, katika gazeti la kila siku la Paris kati ya mwaka 1844 na 1846. Waandishi hawa hawakusubiri profesa awatetee; msomaji ndiye aliyekuwa akisubiri sehemu inayofuata. Unene wa vitabu vyao, unaomtisha kijana wetu leo, unatokana na utaratibu huo wa kusomwa kidogokidogo kwa miezi mingi, mara nyingi kwa sauti, mmoja akisoma na wenzake wakisikiliza. Tunapompa mtu kitabu kile kile na kumtaka akimalize peke yake, kimyakimya, kabla ya mtihani, tunamnyima njia ambayo kitabu kiliandikwa kipitie.

Kwetu mfano ulio wazi zaidi ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Wahakiki wanaweza kulalamika kwamba sadfa ndani yake ni nyingi, na si uongo. Lakini nimewasikia watu waliomaliza shule zamani wakisimulia safari ya Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, alivyovuka mpaka kumtafuta baba yake mpaka Kitale, na wakisimulia bila kuulizwa swali lolote. Riwaya hiyo ilipita shuleni ikatoka hai. Sifa ya namna hii naiamini kuliko tuzo yoyote, maana inatoka kwa mtu asiye na cha kupata kwa kuitoa.

Tatizo jingine katika lalamiko ni hilo neno "msomaji wa kawaida", kana kwamba ni mtu mmoja mwenye ladha moja. Moby-Dick ya Herman Melville, iliyochapishwa mwaka 1851, inajulikana kwa kuwachosha watu. Ina sura 135, na nyingi kati yake zinaacha kisa na kueleza aina za nyangumi, vyombo, kamba na kazi za melini. Haikuuzwa vizuri, mwandishi alipofariki mwaka 1891 ilikuwa karibu imesahauliwa, na ni miaka ya 1920 ndipo ilipofufuliwa na kupewa cheo ilicho nacho. Mtu wa mjini anazisoma sura za kamba kama adhabu. Mimi nilisimulia mojawapo kwa Kiswahili Matondoni, mahali ambapo mashua na majahazi yanaundwa, mbele ya mafundi na wavuvi waliokuwa wamepumzika kivulini. Ni ile inayoeleza kamba ya kumvutia nyangumi: inavyokunjwa kwa uangalifu ndani ya pipa, inavyopita kati ya wapiga makasia na kuizunguka mashua nzima, na jinsi kifundo kidogo, nyangumi anapokimbia na kamba ikifyatuka, kinavyoweza kumkata mtu mkono au kumchukua mzima baharini. Hakuna aliyechoka. Mvuvi mmoja alinionyesha kovu la mshipi lililozunguka kidole chake, na fundi mwingine akauliza kwa nini hawakuiweka kamba upande mmoja wa chombo, swali ambalo mimi nisingeliwaza kamwe. Sura inayotajwa kuwa udhaifu wa riwaya ilikuwa kwao ndiyo yenye utamu. Sisemi kwamba wangeimaliza riwaya nzima. Nyingine ndani yake ni mahubiri marefu, na ninawaelewa wanaoziruka. Nasema tu kwamba "haisomeki" ni hukumu inayopaswa kutaja haisomeki na nani.

Lamu ina kipimo chake cha zamani cha kazi iliyotukuka, na kipimo hicho kinasaidia hapa hata kama hakikuundwa kwa ajili ya riwaya. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake wasia. Haukuhitaji mtaala ili uishi. Uliandikwa na kunakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, ukahifadhiwa majumbani, ukasomwa kwa mahadhi na wanawake kwa wanawake. Al-Inkishafi nayo, iliyotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu kuanguka kwa fahari ya Pate, bado inamgusa mtu wa hapa akifika mahali panaposemwa kwamba madaka yaliyokuwa yakipangwa sahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, kwa sababu madaka hayo bado yamo katika kuta za nyumba zetu za mawe. Zingatia kwamba kudumu kwa kazi hizi hakutokani na kukubaliwa kwa kila zinachosema. Wasichana wa Lamu wa leo hubishana kwa ukali na nasaha za Mwana Kupona juu ya utii wa mke kwa mume. Hawawezi kubishana nazo bila kuzijua, na hawazijui kwa sababu ya muhtasari.

Riwaya zinazopita kipimo hicho zipo. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inaanza na Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na baba mwenye cheo na heshima za nje, Bwana Maksuudi, na inamfuata mpaka kwenye maisha ambayo ukali wa baba ulikusudiwa kumkinga nayo. Nimeusikia ubishi juu ya Maimuna katika nyumba ambazo hakuna anayefanya mtihani: je, aliyempotosha ni aliyemtorosha au ni aliyemfungia? Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, ina mvuto kama huo kwa Yasmin anayeikimbia ndoa ya mzee na kuingia katika harakati za Unguja ya kikoloni. Mwaka 2021 ilifanywa filamu na Amil Shivji.

Kipimo cha baraza, hata hivyo, hakitoshi peke yake, na hapa siko tena na walalamikaji. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kitabu chembamba ambacho wasomaji wengi hawakimalizi. Hakina kisa cha kufuatwa moja kwa moja. Ni safari ya mawazo na ndoto. Ukikisoma kwa sauti katika uwanja wetu wa Mkunguni, wasikilizaji wataondoka mmoja mmoja. Lakini waliokuja baada yake walijifunza kutoka kwake kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kuwaza kuhusu kuwapo na ukweli bila kuomba ruhusa ya kisa. Heshima yake miongoni mwa waandishi ni halali. Kosa ni kumwambia msomaji wa kawaida kwamba asipoipenda hajafika, ilhali mwandishi huyo huyo alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya iliyowagusa watu kiasi cha kupigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda.

Lipo jambo jingine ambalo mara nyingi huhesabiwa kuwa uchoshi wa kitabu, nalo ni lugha. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994. Ni habari ya Yusuf, mtoto wa mwambao aliyetolewa rehani kwa tajiri kwa deni la baba yake, akafuatana na misafara ya bara. Maisha hayo ni ya babu zetu, lakini tafsiri ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitufikia mwaka 2022, baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kumfanya mwandishi atajwe kila mahali. Kwa miaka 28 mtu wa Lamu aliyetaka kuisoma alilazimika kuifuata katika Kiingereza, na aliyeshindwa alidhani kitabu ni kigumu. Chinua Achebe alikuwa na bahati zaidi: riwaya yake ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ilikuwa tayari mikononi mwetu mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, kwa tafsiri ya Clement Ndulute. Mahali ambapo Okonkwo anamkata kwa panga mtoto aliyemwita baba, kwa kuogopa tu asionekane dhaifu, hapahitaji mwongozo kwa msomaji yeyote.

Kwa hiyo, nikiulizwa kama riwaya mashuhuri zinastahili jina lake, nitajibu kwamba nyingi zinastahili, lakini chache kati yake zinafaa kuwa kitabu cha kwanza cha mtu anayeanza kusoma kwa hiari yake. Kijana wa Lamu akiniomba riwaya leo, nitampa Siku Njema au Vuta n'kuvute, na nitamwambia aache akichoka. Kusadikika nitampa baadaye, pamoja na yale maelezo ya dakika tano kuhusu mwaka 1951 na nani hasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha hakimu. Nagona sitampa mpaka aiombe mwenyewe.