Farasi Kwanza, Jones Baadaye

Mtu akiniuliza nilikuwa na cheo gani vitani, humjibu kwamba nilikuwa wa tatu: wa kwanza mzinga, wa pili farasi, kisha mimi, iwapo kuna chakula kilichobaki. Katika makaratasi ya jeshi niliandikwa kuwa dereva, ingawa usukani sijapata kuushika hadi leo.

Nakiri kwamba kilichonipeleka kwenye mizinga ni uvivu. Mnamo Septemba 1914 David Lloyd George, Mwelisi mwenzetu aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza, alihutubia London akataka Wales iwe na jeshi lake yenyewe, nasi wachonga mawe ya kuezekea wa Blaenau Ffestiniog tukaijadili hotuba hiyo katika kibanda cha kulia machimboni mpaka chai ikapoa na msimamizi akapoteza subira. Wenzangu walizungumzia heshima ya taifa. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya miguu yangu, ambayo kwa miaka kumi ilikuwa imepanda mlima kila alfajiri kwenda kazini, nami nikaona kwamba kama ni lazima kwenda kumpiga Mjerumani, afadhali nivutwe na farasi kuliko kutembea na askari wa miguu.

Karani aliponiuliza jina, nikasema Jones, na hakuinua hata uso, kwa kuwa watatu walionitangulia kwenye foleni nao walikuwa akina Jones. Ndiyo sababu vita vyote niliitwa kwa tarakimu mbili za mwisho za namba yangu, Jones 47, kama gunia la viazi lililokwisha kupimwa. Sare za kaki zilikuwa hazitoshi, tukavishwa kitambaa cha kijivu kilichofumwa kwetu Wales. Mama aliponiona alidhani nimepata kazi ya posta, akafurahi sana. Mizinga nayo ilikuwa haitoshi, tukajifunzia kwa magogo ya miti. Gogo ni silaha nzuri, kwani halina kelele na halimdhuru mtu, na laiti vita vyote vingepiganwa kwa magogo.

Hatimaye tulipewa mizinga halisi, ile iliyorusha kombora la zaidi ya kilo nane, na farasi sita wa kuvuta kila mmoja, wakiwa wamefungwa wawili wawili. Wahenga walisema kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba, lakini jeshi halikuwahi kuwasikiliza wahenga: kila dereva alipewa wawili, ampande yule wa kushoto na kumwongoza wa kulia kwa mkono. Kati ya wale wa nyuma ulipita mti mrefu wa gari, ambao ungeweza kuusaga mguu wa dereva kama kinu kisagavyo mtama, kwa hiyo tulivalishwa kinga yenye chuma kwenye mguu wa kulia. Wa kushoto uliachwa hivi hivi. Nilimuuliza sajenti kama Mfalme anauhitaji mguu wangu mmoja tu, nikapewa adhabu ya kuzoa mavi ya farasi wiki nzima.

Farasi wangu wa kulia aliitwa Captain, yaani kapteni, kwa hiyo hata kwa jina alinizidi cheo. Alikuwa ameletwa kwa meli kutoka Marekani, hajui neno la Kiwelisi, na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, hivyo tulielewana kwa mateke. Sheria ya kikosi ilikuwa wazi: farasi hunywa kabla ya mtu, hula kabla ya mtu, na husuguliwa kabla ya mtu hajanawa uso. Nimewahi kusimama kwenye mvua usiku, bakuli langu la mchuzi likijaa maji ya mbinguni, nikimsubiri Captain amalize kutafuna, naye alitafuna kama mzee wa kanisa anayehesabu sadaka. Gesi ya sumu ilipokuja, yeye pia alipewa kinga yake ya pua, akajaribu kuila.

Julai 1916 tulipelekwa Mto Somme, Ufaransa, ambako divisheni yetu, ya 38, ilitakiwa kuuteka msitu wa Mametz. Watu wa mizinga walipopungua niliitwa kupokeza makombora, nikafanya hivyo siku na usiku, pamba masikioni, nikiwa upande wa kulia wa mzinga uliorukaruka na kuunguruma mpaka meno yakalegea. Msitu ulichukuliwa tarehe 12, baada ya siku tano na watu wapatao elfu nne, wakihesabiwa waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Kuna makombora ya upande wetu yaliyowaangukia vijana wetu wenyewe humo msituni. Sikuyaelekeza mimi, bali niliyabeba tu, na kwa hilo sina la kunung'unika, kwa maana sijui nimnung'unikie nani.

Mwaka uliofuata tulikuwa Ubelgiji, karibu na Ypres, ambako mvua ilianza siku ya shambulio lenyewe, 31 Julai, ikaendelea kana kwamba nayo imejiandikisha. Siku hiyo aliuawa Hedd Wyn, mchungaji wa kondoo na mshairi wa Trawsfynydd, jirani zetu kabisa, na Septemba kiti alichoshinda kwa shairi lake kwenye Eisteddfod, tamasha la mashairi na nyimbo la Wales, kikafunikwa kitambaa cheusi. Magari yalizama matopeni, kwa hiyo makombora tuliyabeba mgongoni mwa farasi, manne huku na manne kule, tukiwaongoza kwa miguu juu ya njia ya mbao. Kwa miguu! Mtu aliyejiunga na mizinga ili asitembee alivuka Ubelgiji akimvuta farasi aliyeletwa ili amvute yeye.

Vita vilipokwisha, ikatangazwa kwamba wachimba makaa ya mawe watangulie kurudi nyumbani. Nilikwenda mbio kwa karani nikamwambia mimi ni mchimbaji. Akauliza nachimba nini, nikasema mawe ya kuezekea paa. Akanitazama kwa huruma akasema kwamba mawe ya paa hayawaki jikoni. Majuma machache baadaye wakaja kuwapanga farasi kwa madaraja: wazuri warudi Uingereza, wa kati wauzwe kwa wakulima, na wale wa mwisho waende kwa mchinjaji. Captain aliangukia kwa mkulima Mbelgiji mnene mwenye ghala lililojaa nyasi kavu, akaondoka bila kugeuka nyuma, nami nikabaki katika hema lililovuja, nikisubiri daraja langu.

Sasa nimerudi machimboni, napanda mlima uleule kila alfajiri. Sikio langu la kushoto, lililokuwa upande wa mzinga, halisikii kitu. Daktari alilipigia kelele, akaliandika kwenye karatasi, akaniambia nisubiri barua. Mhubiri wetu huhubiri kwa dakika hamsini, na akiguswa na roho hufika sabini, hivyo nimehamia benchi la kulia, ambapo yeye huwa kushoto kwangu. Jumapili iliyopita mama aliwaambia majirani kwamba angalau vita vimenifundisha kutulia kanisani.