Nyani, ndizi na kikaratasi cha darajani

Safari nzima ilianza kwa mbuzi. Shemeji yangu ni fundi wa mageti na magrili pale Majengo, Moshi, na alikuwa amebishana na baba yake mkubwa kwamba kabla ya Krismasi atakuwa amekanyaga ardhi ya Zimbabwe kwa miguu yake mwenyewe, si kwa gari wala ndege. Mzee huyo, tunayemwita Meku, akaweka beberu. Mimi nikateuliwa kuwa shahidi kwa sababu simu yangu ina kamera nzuri, na kwa sababu mke wangu alisema kaka yake akiachwa peke yake ataishia Tunduma na kututumia picha ya lori lenye namba za Zimbabwe.

Mahali alipopachagua ni Daraja la Victoria Falls, na kwa hilo simlaumu. Zambia huku, Zimbabwe kule, mto Zambezi katikati. Daraja lina urefu wa mita 198, na mto ukiwa umepungua, maji yako mita 128 chini ya soli za viatu vyako. Treni, magari na waenda kwa miguu wote wanapita juu ya sakafu moja. Vyuma vyake vilitengenezwa Darlington, Uingereza, vikaletwa kwa meli hadi Beira, kisha vikapandishwa reli. Cecil Rhodes, yule tajiri wa kikoloni wa Kiingereza, ndiye aliyetaka lijengwe karibu kabisa na maporomoko ili manyunyu yawafikie abiria wa treni. Alifariki mwaka 1902, daraja likafunguliwa Septemba 1905, kwa hiyo yeye hakulowa. Tuliolowa ni sisi.

Shemeji alikuwa amekamatwa na habari moja tu. Tao la daraja lilijengwa kutoka kingo zote mbili ili vichwa vikutane katikati. Ilipofika kuunganisha, jua lilikuwa kali, chuma kimetanuka, vichwa vikapitana kwa kama inchi moja na robo. Mafundi wakaenda kulala. Asubuhi ya tarehe 1 Aprili 1905 chuma kilikuwa kimepoa na kusinyaa, vikaingiana vizuri. Habari hiyo nilisimuliwa kuanzia Chalinze hadi Mbeya, ikarudiwa baada ya Lusaka, kwa sababu kuna mteja wa Shanty Town, Moshi, aliyegoma kummalizia hela yake kwa madai kwamba geti linabana kila saa nane mchana na kufunguka lenyewe jua likizama.

"Umeona, shemeji? Hata Waingereza."

"Waingereza walisubiri asubuhi, shemeji. Mteja wako anataka kutoka na gari mchana."

Sasa utaratibu, kwa anayetaka kwenda. Kutoka mjini Livingstone, upande wa Zambia, hadi mpakani ni kilomita kama kumi, chukua teksi. Ukiwa unataka daraja tu, huna haja ya kupanga foleni ya kutoka nchini. Ingia ofisi ya uhamiaji na pasi yako, sema unakwenda darajani na kurudi. Ofisa anakuandikia kikaratasi: idadi ya watu na mhuri, basi. Hulipi kitu. Getini mlinzi anakitazama, unapita, na ukirudi unamkabidhi yeye. Mkiwa kundi, mnaandikiwa kimoja, kwa hiyo chagueni mapema mtu wa kukishika. Pasi yako haigongwi kabisa. Kumbuka hilo, maana ndilo lililokuja kutuokoa na ndilo lililokuja kumla shemeji mbuzi wake.

Mtanzania haombi viza ya Zambia wala ya Zimbabwe. Tungeweza kugonga mhuri wa kutoka huku na wa kuingia kule, mbuzi akawa wetu bila maneno. Lakini asubuhi ile foleni ya mihuri ilikuwa ya mabasi mawili ya watalii, na shemeji akatoa hukumu kwamba mpaka uko katikati ya daraja, mita 99, na mstari ni mstari. Tukaomba kikaratasi. Watu wawili.

Tulikwenda Aprili, Zambezi ikiwa imejaa. Msimu huo maporomoko huyaoni sana, unaonyeshewa nayo. Manyunyu yanapanda kutoka korongoni, yanasukumwa na upepo, kisha yanakushukia, na hata mvua ile huja kwa pembeni. Kutoka darajani unachungulia kipande tu cha maporomoko kupitia ufa wa korongo, kikifunikwa na kufunuliwa. Anayetaka kuona maji yote mbele yake aingie hifadhini upande wowote. Daraja ni la kutazama korongo, upinde wa mvua, na watu wanaolipa hela ili wajirushe mita 111 wakiwa wamefungwa kamba miguuni. Shemeji aliwatazama kidogo, akakagua ile kamba, akasema yeye angeweka mbili.

Kikaratasi kilikuwa laini, kimeandikwa kwa kalamu ya kawaida. Ili kisilowe, shemeji akakitia ndani ya rambo, ule mfuko wa nailoni. Hilo rambo alilipata dukani Livingstone, na alilibeba kwa fahari, kwani kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Humo ndani kulikuwa na ndizi mbivu sita. Mtu wa Kibosho, kule mlimani juu ya Moshi, hasafiri bila ndizi, hata akienda kutazama chuma.

Mtu wa Moshi amezoea mbega wa msitu wa Rau, ambao ukiwatazama wanaona haya na kupanda juu. Nyani wa darajani ni watu wa kazi. Wanajua mlio wa nailoni. Anayekwenda kule abebe begi la mgongoni lenye zipu, asishike chakula mkononi, asimkodolee nyani macho, na akinyang'anywa aachie papo hapo, kwa maana dume lina meno ya kumshinda chui. Kikaratasi kikae ndani ya pasi, na pasi mfukoni. Pasi zetu zilikuwa kwangu, kwenye mfuko wa shati wenye kifungo.

Tukafika katikati, penye bango la kukukaribisha nchi ya pili. Shemeji akasimama upande wa Zambia, akainua mguu wa kulia, akaukanyaga Zimbabwe taratibu, uso wa kiongozi anayekata utepe. Nikabonyeza. Nilipobonyeza mara ya pili rambo halikuwepo.

"Shemeji, achana naye!"

"Ana karatasi ya serikali!"

Akamfukuza. Nyani wala hakukimbia sana, alikuwa anatembea juu ya ukingo kwa mwendo wa mtu anayejua mwenzake hawezi kupita alipopita yeye. Kisha akashuka kwenye vyuma vya chini, akakaa juu ya boriti iliyopigwa ribiti tangu enzi za Mwingereza, akafungua. Ndizi ya kwanza aliimenya kwa adabu. Ya pili pia. Kisha akatoa kikaratasi, akakinusa, akakigeuza upande wa mhuri, akang'ata kona, akatema. Upepo wa korongo ukakipandisha juu hadi usawa wa macho yetu, kiasi cha kusoma ile namba mbili, halafu ukakipeleka zake.

Kwa kasi aliyokuwa nayo shemeji alikuwa amefika geti la Zimbabwe. Mlinzi akaona mtu mzima anakuja mbio, amelowa chapachapa, hana pasi, hana karatasi, anaonyesha kidole kwa nyani. Akamgeuza kwa mkono mmoja. Tukarudi geti la Zambia. Mlinzi wa huko naye akanyoosha mkono: karatasi? Shemeji akaelekeza kidole korongoni. Mlinzi akatikisa kichwa. Kwa muda ule fundi wangu alikuwa mwananchi wa nchi yenye urefu wa mita 198, isiyo na choo.

Mlinzi akachukua pasi zetu, akaenda nazo ofisini. Ofisa akatoka mwenyewe, akafungua kurasa: mhuri wa kuingia Zambia pale Nakonde upo, mhuri wa kutoka Zambia haupo. Basi hawa hawajatoka, watarudije? Akacheka mpaka akashika ukingo wa geti. Lakini mlinzi lazima apokee karatasi, ndiyo kazi yake. Ofisa akaandika nyingine, watu wawili, akapiga mhuri, akampa shemeji, shemeji akapiga hatua tatu, akamkabidhi mlinzi. Mlinzi akaisoma kana kwamba ni mara ya kwanza anatuona, akafungua geti.

Krismasi, Kibosho, kesi ikasikilizwa ukoo mzima ukiwa umekaa, mbege ikizunguka. Meku akaomba mhuri wa Zimbabwe. Hakuna. Shemeji akatoa noti ya dola trilioni 100 ya Zimbabwe, ile ya mwaka 2009, aliyouziwa na machinga wa mpakani. Meku akahesabu sifuri zote 14 kwa kidole, akairudisha, akasema hela inasafiri hata mwenyewe akibaki nyumbani. Akaitwa shahidi. Nikaeleza vizuri kwamba nilimwona kwa macho yangu akifika mpaka geti la Zimbabwe. Shangazi akauliza mimi nimemwoa nani. Ushahidi wangu ukafutwa.

Ikabaki picha. Simu ikapita mkono kwa mkono, Meku akavaa miwani.

"Mhuri haukuvuka," akasema. "Miguu ndiyo iliyovuka. Apewe miguu ya mbuzi."

Shemeji akasimama kudai yote minne.

"Wewe una miguu minne?"

Akakubali miwili. Meku akaikuza tena ile picha kwa vidole, akaisogeza karibu na taa, akamwita mchinjaji.

"Hapa naona mmoja."

Shemeji akapewa kongoro moja, la kulia.