Saa 9:02 asubuhi ya wapi?

Ile kadi ya "Je, wajua?" imerudi kwenye magrupu. Mnaijua: picha ya Beit al-Ajaib, jumba la Masultani Unguja, iliyokolezwa rangi, maandishi ya njano, na ule mstari wa kila mwaka kwamba vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, vikaanza saa 9:02 asubuhi na kwisha saa 9:40. Chini yake vikaragosi vinne vinacheka mpaka machozi.

Saa 9:02 asubuhi. Kwa Kiswahili. Kuhusu Unguja! Yaani manowari za Mwingereza zilianza kuupiga mji wakati wa kula daku. Ilikuwa saa tatu na dakika mbili, ndugu yangu. Jua limepanda, sokoni kumechangamka, na ufuo mzima umejaa macho yanayotazama bandarini.

Mtaniambia ni kosa dogo. Ni kosa dogo kama vile tundu la ngalawa ni dogo. Linaonyesha kwamba aliyeandika kadi aliinakili kutoka lugha nyingine bila kuisoma, akaihamisha na saa yake, na sisi tukaipokea na kuicheka kama habari ya watu wa mbali. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kisa chenyewe kinachekesha kweli, ila kadi imekata vipande vyote vya kuchekesha ikabakiza saa ya ukutani, nayo imekosewa.

Tuanze na hizo dakika, maana chini ya kadi watu wanatukanana: huyu 38, yule 40, mwingine 45. Wote wamepatia, inategemea unabonyeza saa wapi. Muda wa onyo la Waingereza, kwamba bendera ishushwe jumbani, uliisha saa 3:00 kamili. Manowari zao Racoon, Thrush na Sparrow zilianza kupiga saa 3:02. Makombora yalisitishwa kwenye saa 3:40. Ukihesabu kuanzia kombora la kwanza unapata 38, ukihesabu kuanzia mwisho wa onyo unapata 40, na anayesubiri mpaka kila kitu kitulie anafika 45. Basi. Hakuna haja ya kumtukania mtu mama yake.

Sasa sababu. Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar, alifariki Jumanne tarehe 25, kabla ya adhuhuri. Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na aliyetaka kiti alipaswa kuridhiwa kwanza na konseli wao, yaani mwakilishi wa serikali yao. Khalid bin Barghash hakungoja kuridhiwa. Aliingia jumbani siku ileile. Na haikuwa mara yake ya kwanza: mwaka 1893, alipofariki Sayyid Ali bin Said, Sultani aliyemtangulia Hamad, alijaribu mchezo huohuo, akaonywa, akarudi nyuma. Safari hii hakurudi. Alhamisi asubuhi, ikiwa imebaki nusu saa onyo liishe, alituma ujumbe kwa konseli Basil Cave kwamba hawana nia ya kushusha bendera, na hawaamini kama Waingereza watathubutu kupiga. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga, ila wasipotiiwa watapiga.

Waliokuwa jumbani walikuwa wapatao 2,800: askari, raia waliojitolea, watumishi, watumwa. Nje walikuwa na rashasha kadhaa za Maxim, rashasha moja ya Gatling, mzinga wa shaba wa zamani wa karne ya 17, na mizinga miwili ya makombora ya ratili 12. Hiyo miwili ndiyo ya kutazama. Ilikuwa zawadi kwa Sultani kutoka kwa Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani. Ikaelekezwa baharini kuzitazama manowari za bibi yake, Malkia Victoria. Kombora la kwanza la Thrush likauangusha mmoja palepale.

Haijaisha. Kulikuwa na Glasgow. Hiyo ndiyo iliyokuwa jeshi lote la majini la Sultani, meli moja. Sayyid Barghash, Sultani wa zamani, aliiagiza baada ya kimbunga cha 1872 kumteketezea merikebu zake, ikajengwa Scotland na kuanza kazi 1878, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza ya jina hilohilo. Ilipofika haikumpendeza. Ikafungwa bandarini, ikakaa hapo miaka kumi na minane kama kabati la mgeni ambalo hakuna anayelifungua. Silaha zake: mizinga saba ya ratili tisa, na Gatling aliyoitoa zawadi Malkia Victoria mwenyewe. Saa 3:05 chombo hiki, kilichojengwa Uingereza kwa mfano wa Uingereza na kubeba zawadi ya Malkia wa Uingereza, kikaifyatulia St George, meli ya Admeri Harry Rawson wa Uingereza. Niambieni kama dakika 38 zinachekesha kuliko hapo.

Na kwa nini haikuwezekana ishinde? Tazama mizinga yenyewe. Ile ya Glasgow ilishindiliwa kwa mdomoni. Ukishapiga, unaurudisha nyuma, unaingiza ufagio uliolowa ili kuzima cheche zilizobaki ndani, maana baruti mpya ikikutana na cheche mkono umekwenda. Kisha unatia mfuko wa baruti, unausukuma mpaka mwisho, unatia kombora, unalisukuma vilevile, unachoma mfuko kwa tundu la nyuma, unaweka kiwashio, unausogeza mbele, unalenga, unavuta kamba. Muda wote huo mshindiliaji amesimama mbele ya mdomo wa mzinga, kifua wazi, adui akimwona. Upande wa pili St George ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 9.2 na kumi ya inchi sita, yote ikijazwa kwa nyuma, wapigaji wakiwa wamejikinga. Glasgow ikatobolewa na kuzama. Bandari pale ni kina kifupi, kwa hiyo ilizama nusu: mabaharia wakapandisha bendera ya Kiingereza kuomba salama, mashua za Waingereza zikawachukua, na milingoti ikabaki imesimama juu ya maji. Ilisimama hapo mpaka 1912. Miaka kumi na sita kila anayetia nanga Unguja anaipita milingoti ya jeshi la majini la Sultani. Kadi haina hilo.

Wala haina hili lingine, na hapa naomba vikaragosi vipumzike kidogo. Zile manowari zilipiga makombora kama 500, risasi za rashasha 4,100 na za bunduki 1,000. Makombora 500 kwa dakika 38 ni moja kila sekunde nne na nusu. Jengo lililopigwa lilikuwa kwa sehemu kubwa ni la mbao, na walinzi walijikinga kwa makasha, marobota na mpira. Kasha la mbao linazuia risasi ya bunduki kama una bahati. Kombora linalopasuka linaligeuza kasha lenyewe kuwa silaha, vipande vyake ndivyo vinavyoua, halafu moto unamalizia. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa jumba walikuwa kama 500, karibu mtu mmoja kwa kila kombora, wanaume na wanawake. Upande wa Waingereza alijeruhiwa mmoja, ofisa mdogo wa Thrush, akapona. Na kati ya wale 500 walikuwamo watumwa na watumishi ambao hakuna aliyewauliza kama wanamtaka Khalid au Hamoud, yule waliyemtaka Waingereza. Walikuwa kazini. Siku ya Alhamisi, asubuhi, kazini.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: ni vita vifupi. Vimo kwenye vitabu vya rekodi na vitabaki humo. Na nakubali pia kwamba kijana asiyefungua kitabu atafungua kadi. Lakini ufupi wa vita ni sifa ya mizinga ya inchi 9.2. Hausemi chochote kuhusu ushujaa wa mtu, na sijui kwa nini tunaushangilia kama timu yetu imechukua kombe.

Kama mnataka cha kucheka bila kumcheka marehemu, chukueni kutoroka kwa Khalid. Alikimbilia ofisi ya konseli wa Ujerumani akiwa na wafuasi wachache. Waingereza wakadai wapewe. Wajerumani wakasema mkataba wao wa kurudishiana wahalifu hauwahusu wa kisiasa. Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, akaweka watu nje wangoje: siku atakayokanyaga ardhi ya Zanzibar, anakamatwa. Sasa fanya hesabu. Ndani ya ua wa konseli ni Ujerumani. Ndani ya mashua ya manowari ya Kijerumani ni Ujerumani. Shida ni ule mchanga wa katikati. Na mchanga wa pwani, kila mtu wa pwani anajua, una saa ambazo haupo. Tarehe 2 Oktoba manowari Seeadler ikafika, wakangoja maji yajae, mashua ikaelea mpaka lango la bustani, Khalid akainua mguu kutoka Ujerumani akautua Ujerumani. Mathews alishindwa na maji kujaa! Khalid akapelekwa Dar es Salaam, akakaa huko mpaka Waingereza walipomkamata kwenye vita vikuu mwaka 1916, wakampeleka Seychelles na St Helena, mwishowe wakamruhusu kurudi. Alifia Mombasa 1927. Kisa kilichochukua miaka thelathini na moja kumalizika, kadi inakiita cha dakika 38.

Kadi za aina hii zina ndugu zake, nazo zote zina ugonjwa huohuo.

Nyuki wa Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipokuja kuuteka mji kwa Wajerumani: eti Wajerumani walitega nyuki wa vita. Hakuna aliyetega. Risasi zilipasua mizinga iliyoning'inia mitini, na nyuki hawakuuliza pasipoti. Waliwauma Waingereza, wakawauma na wapiga rashasha wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mpaka bunduki zikanyamaza. (Kwa Kiswahili mzinga ni mzinga, wa asali na wa baruti, na siku ile vyote viwili vilifyatuka. Kadi iliyonakiliwa kutoka nje haiwezi kulijua hilo.) Lakini kichekesho cha Tanga ni cha kabla ya nyuki. Manowari ya Kiingereza Fox ilitangulia tarehe 2 kwenda kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamevunjwa, ikadai mji, ikauliza kama bandari ina mabomu ya majini, halafu ikatumia muda kuyafagia mabomu yasiyokuwepo. Wakati huo Lettow-Vorbeck anapakia askari kwenye treni Moshi. Ukimpigia adui hodi, mpe basi na muda wa kuvaa viatu, na ndivyo walivyofanya.

Liemba ya Ziwa Tanganyika: "meli iliyozama na kufufuka". Ilifufuka kwa grisi. Wajerumani waliokuja nayo kutoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa imefunguliwa vipande ndani ya makasha kama 5,000 mpaka Kigoma, ndio walioambiwa waizamishe Julai 1916. Walikuwa mafundi walioifunga bolti kwa bolti. Wakaipaka mashine grisi nzito kwanza, ndipo wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, kwa makusudi ya mtu anayetaka kurudi. Waingereza walipoiibua 1924 wakakuta mashine bado zinafaa, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya.

Halafu ile inayonipandisha presha kuliko zote: Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda. Waongozaji watalii wanaisema, walimu wanaisema. Mpaka ulipatanwa kati ya serikali mbili mwaka 1886: mstari unaanzia kwenye mdomo wa mto Umba, unakwenda Ziwa Jipe, unaiacha Taveta upande wa Mwingereza, unazunguka chini ya mlima kwa kaskazini, kisha unanyooka mpaka Ziwa Victoria kwenye digrii moja kusini ya ikweta. Umepinda kwa sababu kampuni ya Mjerumani Carl Peters ilikuwa na karatasi za mikataba ya Uchagani, na Waingereza walitaka Mombasa ibaki upande wao. Mwaka huo Wilhelm hakuwa Kaiser. Kaiser alikuwa babu yake, na mjukuu alikalia kiti 1888. Na siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 27 Januari. Mapatano yalikamilika mwishoni mwa Oktoba kuingia Novemba. Labda zawadi ilichelewa posta.