Mtunzi wetu akiguswa

Jumamosi moja jioni, kwenye mazoezi ya kwaya yetu hapa Dodoma, mwalimu mgeni aliomba nota za wimbo wa mtunzi tunayempenda kuliko wote. Akaiweka karatasi juu ya kinanda, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kuzungushia. Alipofika duara la tatu, mama mmoja wa sauti ya kwanza akasimama, faili lake la nailoni mkononi: "Mwalimu, huu ndio wimbo tuliomzikia mwenyekiti wetu. Leo una makosa?" Mazoezi yakaishia hapo. Njiani kila mtu alikuwa anamsema yule mwalimu: ana wivu, na yeye katunga nyimbo ngapi?

Swali hilo la mwisho ni la kukwepa, nakubali. Mwalimu hakumtukana mtu. Alisema nota fulani zimekaa vibaya, na hoja ya nota hujibiwa kwa nota. Ndiyo maana watu husema mashabiki wa namna yetu wamepofushwa na mapenzi.

Lakini nimekaa na ile karatasi wiki nzima, na siwezi tena kusema hivyo juu ya yule mama. Maduara yote matatu yanahusu jambo moja: besi iko do, sauti ya tena (ile ya juu ya wanaume) iko so, kisha zote mbili zinapanda pamoja kwenda re na la. Kanuni za Ulaya zinazofundishwa kwa walimu wa kwaya zinakataza sauti mbili kutembea hivyo zikiwa zimeachana kwa tano, yaani kama do na so, kwa sababu kila sauti inatakiwa ionekane na njia yake. Sawa. Sasa nenda Chamwino au Mvumi, wasikilize Wagogo wakiimba nyimbo zao za asili. Sauti zinakwenda sambamba, kwa nne na kwa tano, wala hakuna anayeona kuna kasoro. Utamu wenyewe uko hapo. Watafiti wa muziki wameeleza kwamba ngazi ya sauti ya Kigogo inatokana na zile sauti nyembamba zinazolia juu ya sauti moja nene, kama unavyozisikia uzi wa zeze unapopigwa. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa kijiji cha Doduma aliyefariki 2003, alibeba ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze na uimbaji huo hadi studio za Uingereza.

Yule mama amekulia Mvumi, kwenye ngoma ya muheme. Sikio lake lilipopokea ule mwendo wa besi na tena, lilisikia nyumbani. Hana msamiati wa kumwambia mwalimu hivyo, akashika alichokuwa nacho, yaani msiba. Sisi tukasikia hasira tu, na hoja ikatupita. Nami nilikuwepo, nasoma nota, nikanyamaza. Hilo linaniuma.

Kanisa Katoliki lenyewe halijamfungia mama huyo mlango. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya 1963, inaupa wimbo wa Kigregori, ule uimbaji wa kale wa Kilatini, nafasi ya kwanza katika namba 116, na katika namba 119 inataka muziki wa jadi wa nchi za kimisionari upewe heshima yake. Walimu wengi hunukuu ya kwanza na kufunga kitabu.

Duara la nne, ambalo mwalimu alilichora watu wakiwa wameshaanza kutoka, ni habari nyingine. Katika beti la tatu neno "utukufu" limevutwa mapigo matatu kwenye "fu". Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Msemaji yeyote atasema utuKUfu. Tumezoea kosa hili kwenye nyimbo za zamani zilizotafsiriwa, ambako tuni ilikuja tayari kutoka Ulaya na maneno yetu yakabanwa humo. Mtunzi anayeanza na Kiswahili chake hana sababu ya kulirudia. Hapo mwalimu alikuwa sahihi kabisa, na alistahili kusikilizwa hadi mwisho.

Jumamosi iliyofuata nilimwonyesha yule mama. Tukaimba beti la tatu kwa kuvuta "ku" badala ya "fu", mara mbili. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akatoa penseli, akairekebisha nakala yake mwenyewe.

"Hapa sawa, mwanangu," akasema. "Ila zile za besi msiziguse."